Mbega Wapite Wapi

Katika Jamhuri ya Salimini, nchi ambayo haijawahi kukosea tangu ilipopata uhuru, kulikuwa na wilaya moja iitwayo Kilungule, ambako watu na mbega waliishi wakitazamana. Msitu uliishia pale mashamba yalipoanzia. Mbega walikaa juu, watu wakakaa chini, na ugomvi wao ulikuwa ule wa kawaida wa majirani: huyu amekula majani ya kunde ya yule, yule amekata mti anaoulalia huyu.

Serikali haikuwajua mbega hao mpaka Mheshimiwa Tumbukwe, Waziri wa Wanyama na Ujirani Mwema, aliposafiri kwenda ng'ambo kwenye mkutano mkubwa. Huko akaambiwa kwamba nchi yake ina mbega ambao wanazidi kupungua duniani. Alishangaa, kwa maana yeye alikuwa amewaona wakivaliwa kwenye ngoma tu, na siku zote alidhani mbega ni vazi, akasema hivyo. Wenyeji wake walidhani anatania, wakampigia makofi. Akarudi na nishani shingoni na mapenzi moyoni, na pale pale uwanja wa ndege, kabla hata mizigo yake haijashushwa, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila mbega wa Salimini ni Raia wa Heshima.

Tulifurahi sana. Sisi raia wa kawaida tulikuwa tunaijua hali yetu, kwa hiyo ilitupa moyo kusikia kwamba wapo wengine wa heshima.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaandikisha. Sheria ya Salimini inasema raia ni yule aliyeweka dole gumba. Maofisa wakaenda msituni na wino, wakarudi na habari mbaya: mbega hana dole gumba. Ana vidole vinne kila mkono, basi. Bunge likakaa kikao cha dharura. Mbunge mmoja akauliza kama haiwezekani kuagiza madole gumba kutoka nje kwa msamaha wa ushuru. Mwingine akasema raia asiye na dole gumba hawezi kupiga kura vibaya, kwa hiyo ndiye raia bora kuliko wote. Hoja hiyo ikapita kwa kishindo, na mbega wakahesabiwa kuwa wameandikishwa.

Kisha ukaja mwongozo. Mkulima atakayemkuta mbega shambani kwake asimfukuze. Amsalimie kwanza, ajitambulishe, aeleze shida yake kwa sauti ya chini. Asiporidhika, aende kushtaki katika Ofisi ya Ujirani Mwema ya wilaya, ambako kuliwekwa viti viwili, kimoja cha mlalamikaji na kimoja cha mbega. Kwa kuwa mbega hawakuwa wakifika, mashauri yote yaliahirishwa.

*

Ofisi hiyo ya Kilungule iliongozwa na Mrisho Kalembo. Huyu hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye yeye mwenyewe atalikana.

Alikuwa mpole, nadhifu, mpenda chai. Dirisha la ofisi yake lilitazama barabara kuu, na ng'ambo ya barabara ulisimama mkuyu mkubwa ambao matawi yake yalipita juu ya lami na kushikana na miti ya upande wa pili. Huo ndio uliokuwa mlango wa mbega. Asubuhi walivuka kwenda kula majani machanga huko bondeni, jioni wakarudi msituni kulala. Kalembo aliwatazama kila siku, kikombe mkononi: manyoya marefu meupe yakipepea mabegani kama mashali ya watu wanaokwenda harusini, mikia ikining'inia. Wakati mwingine alisahau chai ikapoa.

Mgeni wake wa mara kwa mara alikuwa Bi Tabu Shomari, mjane ambaye shamba lake la kunde na matembele liligusana na msitu.

"Shikamoo, Bi Tabu."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuwashtaki wale wenye mashali."

"Umewasalimia kwanza?"

"Nimewasalimia. Nimewaambia, hamjambo mashetani, radi iwapige."

"Mama, hiyo salamu haimo kwenye mwongozo."

"Basi iongezeni."

Kalembo alicheka, akamwita mhudumu alete kikombe cha pili. Mjini kote watu walijua kwamba Bi Tabu huwatukana mbega kutwa nzima. Walijua vilevile kwamba hajawahi kuwarushia hata kokoto, na kwamba mbwa wa watu wakiwakimbiza, yeye huwakimbiza mbwa. Lakini jambo la pili halikuwa la kuchekesha, kwa hiyo halikusimuliwa sana.

*

Mheshimiwa akapanga kuleta wageni wa ng'ambo Kilungule, waje waone jinsi raia wa miguu miwili na wa miguu minne wanavyoishi kwa amani. Bango kubwa likatangulia. Lilimwonyesha Mheshimiwa akiwa amemkumbatia mbega, na chini yake maneno: TUISHI PAMOJA. Mbega wa kwenye picha alikuwa mtu wa idara ya utamaduni aliyevalishwa ngozi, maana mbega halisi hakukubali.

Bango lilisimikwa kwenye kona ya barabara. Siku chache baadaye simu ya Kalembo ikalia. Alikuwa Katibu Lusewa, msaidizi wa Mheshimiwa.

"Kalembo, kuna mti unaficha uso wa Mheshimiwa."

"Ni mkuyu, mkuu. Ni wa zamani."

"Mtu akija kwa gari anaona TUISHI tu. Uso hauonekani, PAMOJA haionekani. Wewe unaona ni sawa nchi hii iseme TUISHI peke yake?"

"Mkuu, mbega wanapita pale."

"Mbega ni raia," akasema Katibu. "Raia wanapita barabarani. Chora kivuko."

Kalembo alikata simu akakaa. Angeweza kuandika barua. Angeweza kusema msumeno umeharibika. Katika Salimini kila kitu huharibika na hakuna anayeuliza. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akawaita wakata miti.

Bi Tabu alifika mbio, kanga moja kiunoni na nyingine ikiburuzika, mkuyu ukiwa umeshaanza kulia.

"Baba! Hao watapita wapi?"

"Watapita chini, mama, kama raia wengine."

Alilisema kwa sauti ya mzaha, na wakata miti wakacheka. Bi Tabu hakucheka. Alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi, halafu akageuka akaenda zake. Mkuyu ukaanguka, na uso wa Mheshimiwa ukaonekana wote, hadi nishani.

Kivuko kilichorwa kesho yake. Kulikuwa na ubishi kidogo, maana mistari ya kivuko huitwa pundamilia, na Wizara iliona si haki mbega wavukie jina la mnyama mwingine. Kwa bahati mbega naye ni mweusi na mweupe. Mistari ikabaki, jina likabadilishwa.

*

Mbega hawakushuka. Walikaa kwenye mti wa mwisho wa msitu wakitazama lami, wakitazama malori, wakinong'onezana. Njaa ilipowabana, mmoja akarukia nguzo ya umeme, akapita juu ya waya, akafika. Wengine wakamfuata. Kalembo aliwaona kutoka dirishani, akajiambia: wamepata njia. Alipata hata kutabasamu.

Asubuhi ya ugeni, watu wakiwa wamejipanga na vibendera, mbega mmoja mwenye mtoto kifuani alipita kwenye waya ule. Mbega akizaliwa huwa mweupe mwili mzima, uso wa waridi, na huyu alikuwa bado mweupe kama pamba. Mama alinyoosha mkono kushika waya wa pili. Hakukuwa na kelele kubwa. Mlio tu kama wa kitambaa kikichanwa, na taa za ofisi ya Kalembo zikazimika.

Mama aliangukia kwenye kivuko chake. Mtoto alikuwa hai, amemng'ang'ania, analia sauti nyembamba. Hakuna aliyesogea. Wote tulikuwa na vibendera mikononi na tulikuwa tumeagizwa tusiviangushe. Aliyesogea ni Bi Tabu. Alipiga magoti barabarani, akamkwanyua mtoto taratibu kidole kimoja kimoja, akamfunga ndani ya kanga, akaelekea msituni.

Kalembo alimfuata. "Unampeleka wapi, mama?"

"Kwa wenzake. Ona wale, wamekaa wanangoja." Kweli, kwenye mti wa mwisho kundi zima lilikuwa limeinama likitazama kanga. "Wanawake wao huchukua mtoto wa mwenzao wakamlea. Nimewaona wakifanya hivyo. Nitamweka kwenye tawi la chini, nisogee. Watashuka."

"Fanya haraka basi," alisema Kalembo.

Lakini ving'ora vya msafara vilikuwa vimeshafika.

*

Mheshimiwa Tumbukwe alishuka garini, akamwona marehemu kwenye mistari, akawaona wageni wake wanaangalia. Mtu mwingine angefadhaika. Yeye alivua kofia, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "wa miguu miwili na wa miguu minne. Mbega ni ndugu yangu. Na kama mbega ni ndugu yangu, basi mimi ni ndugu yake. Mkilitafakari hilo kwa kina, mtaona ni kweli. Leo ndugu yangu amelala. Nani amemuua raia wa Salimini?"

Upepo ukapiga vibendera. Waya ulikuwa juu ya kichwa chake, kisiki cha mkuyu kilikuwa kando ya kiatu chake, bado kinatoa utomvu. Kila mtu Kilungule alijua jibu, na kila mtu alitazama ardhi. Kalembo naye alitazama ardhi.

"Nani huwa anawachukia?" Katibu Lusewa aliuliza kwa upole, kama mwalimu anayesaidia darasa.

Hatukusema kitu. Ila macho yetu yaliinuka yakaenda mahali pamoja, na nadhani hilo ni baya kuliko kusema. Bi Tabu alikuwa amesimama pembeni mwa shamba lake, kanga inachezacheza kifuani.

"Ana nini pale?" aliuliza Katibu.

"Mtoto wa marehemu!" mtu akasema.

"Amemteka!"

Mheshimiwa akamgeukia afisa wake. "Kalembo, mlete huyo yatima kwangu."

Hatua zilikuwa chache. Kalembo alizitembea. Bi Tabu alimkumbatia mtoto kwa mikono miwili.

"Mwambie, baba. Wewe unajua. Mwambie wenzake wako pale pale juu."

"Ni kwa ajili ya picha tu, mama. Nitamrudisha."

"Akitoka hapa hawatangoja."

"Nitamrudisha, nakuahidi."

Akaingiza mkono ndani ya kanga akamtoa. Mtoto alishika kidole chake kwa vile vidole vinne, akakishika kwa nguvu, kama vile amepata alichokuwa anatafuta. Kalembo alimbeba hivyo hivyo hadi kwa Mheshimiwa. Picha ilipigwa. Ilikuwa nzuri mno. Mheshimiwa akatangaza kwamba atamlea yatima huyo mwenyewe, wageni wakafuta machozi, na msafara ukaondoka naye. Kwenye mti wa mwisho, mbega walikaa kidogo wakitazama vumbi, halafu wakaondoka.

*

Bi Tabu alishtakiwa kwa kuua kwa maneno. Baraza la Ujirani Mwema lilikaa kwenye ukumbi wa shule, na mwendesha mashtaka, kijana mwenye sauti nzuri, alieleza kwamba mshtakiwa alikuwa akiwaambia mbega mbele ya mashahidi: radi iwapige.

"Na umeme ni nini?" aliuliza. "Umeme ni radi iliyofugwa na serikali."

Ukumbi ukaguna kwa kuridhika. Bi Tabu akaulizwa kama aliyasema maneno hayo.

"Nimeyasema miaka yote. Wangekuwa wanakufa kwa maneno yangu, msingewakuta."

Hapo Kalembo akasimama. Watu wanasema alikuwa ameloa jasho kama aliyetoka mvuani.

"Mwenyekiti, huyu mama hana hatia. Mti niliukata mimi. Walikuwa wanapita juu ya mti, mti nikaukata."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Mti upi?"

"Mkuyu, hapo kona ya bango."

Mwenyekiti akainama kwa Katibu Lusewa, wakanong'ona, akanyanyua kichwa. "Baraza limejulishwa kwamba mti uliokatwa kwa maelekezo ya juu huhesabiwa kuwa haukuwapo. Mti ambao haukuwapo haukatiki. Baraza linauona unyenyekevu wa afisa huyu, anayetaka kubeba mzigo wa raia wake, na linampongeza."

Makofi yakapigwa. Mtu wa nyuma yake akamvuta shati kwa upole ili akae. Angeweza kubaki amesimama. Angeweza kupiga kelele. Alikaa.

Bi Tabu alihukumiwa kuhamishwa, akaishi Mwandege, wilaya kavu ambako hakuna mbega wa kuuliwa kwa mdomo. Shamba lake likafanywa Bustani ya Kumbukumbu. Siku anapakiwa kwenye lori pamoja na sufuria zake, Kalembo alijificha nyuma ya pazia la ofisi. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo.

*

Yatima alikufa nyumbani kwa Mheshimiwa muda si mrefu. Alipewa maziwa ya kopo, keki na kitanda, na hakuna alichokula. Redio ilitangaza kwamba ameenda ng'ambo kwa masomo. Kalembo alipata ukweli kutoka kwa dereva, aliyemwambia huku anacheka: "Kalikuwa kanashika vidole vya watu tu, kutwa nzima. Ukikaachia kanalia."

Tangu hapo Kalembo aligeuza meza ikatazama ukuta. Chai ilimshinda. Alikuwa akikaa anakitazama kidole chake, anakisugua kwenye suruali. Alimwendea Katibu akakiri. Katibu akasema afisa anayejilaumu ni mfano kwa vijana, akampa cheti. Akaenda kwa shehe, shehe akamwambia amwombe Mungu msamaha na amwombe msamaha na yule mama pia. La kwanza alilifanya kila siku. La pili aliliogopa.

Siku moja mbega mwingine aliunguzwa, dume kubwa. Kalembo alitoka ofisini, akamchukua Zimbwe, fundi wa umeme, wakanunua kamba nene ya mkonge. Mchana kweupe, mbele ya kila mtu, Zimbwe alipanda mti wa upande wa msitu na Kalembo, ambaye hajawahi kupanda hata ngazi ya dari, akapanda wa upande wa bondeni. Wakazinyoosha kamba mbili sambamba na kuziunganisha kwa vipande vya mti, wakazikaza juu ya barabara, mbali na nyaya. Kalembo alishuka suruali imechanika na viganja vinatoka damu. Watu wakamwuliza anafanya nini.

"Narudisha mti," alisema.

Siku kadhaa mbega waliinusa tu. Kisha jike moja likajaribu, likarudi, likajaribu tena, likavuka. Jioni kundi zima lilivuka, mikia ikining'inia. Zimbwe alipiga makofi. Kalembo alikaa kando ya barabara akalia mbele za watu, na aibu hakuwa nayo tena.

Alikamatwa wiki hiyo hiyo, kwa kosa la kutundika kitu juu ya barabara ya taifa bila kibali. Mwenyekiti wa Baraza alipomsomea shtaka, Kalembo alijibu, "Ni kweli, mkuu, nina hatia," kwa furaha ambayo iliwatia wasiwasi. Safari hii walimkubalia. Akavuliwa cheo, akafungwa.

Akiwa ndani, wageni wa ng'ambo walipita Kilungule, wakaiona kamba, wakaisifu sana. Mheshimiwa Tumbukwe akaja na mkasi wa dhahabu akaizindua, ikaitwa Daraja la Mheshimiwa. Mtu mmoja akauliza kama basi aliyeitundika asiachiwe. Akajibiwa kwamba daraja lilijengwa na serikali, na aliyefungwa alifungwa kwa kamba nyingine.

*

Alipotoka gerezani Kalembo hakwenda kwao. Alikwenda Mwandege. Alimkuta Bi Tabu uani anapukuchua mahindi. Amekonda, mgongo umeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakunyanyua macho.

Kalembo akakaa chini, kwenye vumbi, ingawa kulikuwa na kigoda. Akamweleza yote. Akamweleza kuhusu simu na ile chai aliyoinywa mpaka ikaisha. Akamwambia kwamba barazani angeweza kubaki amesimama. Mwisho akamweleza kuhusu mtoto.

"Sikumrudisha, mama. Alikufa. Ile ya masomo ni uongo."

"Najua ni uongo," alisema Bi Tabu. "Mimi si redio."

Mikono yake ilikuwa imesimama. Hindi moja lilibaki mapajani.

"Alilia?"

Kalembo alitaka kusema hapana. "Alilia," alisema. "Alikuwa anashika vidole vya watu."

Bi Tabu akanyanyuka, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Kalembo hakujua kama amefukuzwa. Hakuwa na pa kwenda, na hakuona kama ana haki ya kuondoka kabla hajaambiwa, kwa hiyo akabaki pale pale. Jua likahama. Kuku wakaja wakala punje zilizomwagika karibu na miguu yake, wakaondoka.

Mlango ukafunguliwa. Bi Tabu alitoka na sahani ya ugali na mlenda, akaiweka chini mbele yake, akamwekea na maji ya kunawa.

"Sijakusamehe," alisema. "Kula."